Kikombe cha Kwanza cha Sekela

Wenye masikio sogeeni, na wenye majibu ya haraka yawekeni kwanza mfukoni. Nina swali linaloniwasha tangu jana saa nne asubuhi. Nimeshindwa kulijibu mwenyewe, mimi ambaye watu husema mdomo wangu hauna breki. Nitawasimulia yote. Mkiona nimeanza kujipendelea, nikatizeni hapohapo.

Wapo watu watatu. Wa kwanza ni mama mmoja anayeitwa Tusajigwe, na kipaji chake ni subira. Anaweza kukuonyesha jambo moja mara mia, na mara ya mia akakuonyesha kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Wa pili ni Mwalimu Ambakisye, mstaafu, na kipaji chake ni jicho. Akimtazama mtoto dakika tano anajua anachokiweza, wakati sisi wengine bado tunahesabu asichokiweza. Wa tatu kipaji chake ni mdomo. Huyo anaweza kumlainisha meneja aliyenuna na fundi aliyeahidi kuja kesho kwa wiki tatu mfululizo. Wa tatu ni mimi, Subilaga, ambaye kazini wananiita Mama Lusajo. Nafungasha chai mwaka wa kumi na tisa sasa.

Na yupo Sekela, binti wa Tusajigwe, mwenye miaka ishirini na tatu. Sekela ana usonji. Kelele zinamuumiza kweli, kama wewe unavyoumia mtu akikukanyaga kidole. Hakutazami machoni. Ukimuuliza kitu anakujibu hichohicho ulichouliza, si kile ulichotamani kusikia. Ukimpa kazi yenye hatua zinazofuatana, anazifuata leo, kesho na mwezi ujao, bila kuruka hata moja.

Kiwanda chetu ni kidogo, kiko mteremkoni nje kidogo ya Tukuyu, na jina lake naliacha. Tuna desturi yetu pale. Mtu akimaliza miezi mitatu ya majaribio na kuthibitishwa, siku hiyo kwenye chai ya saa nne anashika birika mwenyewe. Anamimina kikombe cha kwanza kabla mtu yeyote hajanywa, na anampa yule aliyemwezesha kufika hapo, awe wa kiwandani au wa nje. Anayekipokea ndiye mlezi wake wa kazi kwa mwaka mzima. Msidhani ni sifa za mdomoni tu. Jina la mlezi linaandikwa kwenye faili, na ofisi haiwezi kumhamisha yule mfanyakazi wala kumpa onyo kabla mlezi hajaketi pale akasema neno. Hilo lishikeni, mbele lina uzito.

Tuanze na mama.

Sekela alimaliza shule, kwenye kitengo cha elimu maalumu, akiwa na miaka kumi na sita. Baada ya hapo hakukuwa na pa kwenda. Miaka saba alikaa nyumbani akichagua maharage na kupanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa, kisha akavipangua akapanga tena. Mwalimu alipokuja kusema kuna kazi inaweza kupatikana, swali la kwanza lilikuwa atafikaje. Ni mwendo wa dakika arobaini, na njiani kuna mashine ya kusaga na kijiwe cha bodaboda. Tusajigwe akaanza kumtembeza. Mwanzo walishikana mikono. Baadaye akawa anatembea nyuma yake hatua mbili, kisha ishirini, kisha akawa anabaki kwenye kona ya kanisa, anamwangalia tu. Alitafuta hata kijia cha kupita katikati ya migomba ili wakwepe ile mashine ya kusaga. Mvua ya huku mnaijua, haipigi hodi. Miezi minne mama yule alilowa asubuhi, akalowa jioni. Siku Sekela alipofika getini peke yake, mama yake alikuwa amekaa chini palepale kwenye kona ya kanisa, analia. Bila Tusajigwe, Sekela asingefika.

Lakini siku walipokuja kuonana na meneja, mwalimu alitangulia ndani, wakabaki wawili getini. Lori lilikuwa linashusha mzigo. Sekela akaziba masikio, akaanza kuyumba mbele na nyuma, na wapakuzi wakasimama kumtazama. Mlinzi akauliza, "Mama, huyu binti ni wako?"

Tusajigwe akawatazama wale wanaume wote. "Hapana, baba," akasema. "Ni wa marehemu dada yangu."

Sekela alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, na alisikia.

Twende kwa mwalimu. Yeye ndiye aliyemkuta Sekela dukani kwa jirani, akimsaidia kupima sukari. Alikuwa anaongeza punje na kupunguza punje mpaka sindano ya mizani ikasimama katikati kabisa, na mteja ameshakasirika. Mtu mwingine angeona mteja aliyekasirika. Mwalimu aliona kazi. Akaja kiwandani kwetu, akaomba kukaa pembeni siku mbili atutazame tunavyofungasha. Akachora kadi nane: nawa mikono, vaa kofia, chukua pakiti, jaza, pima, sahihisha, weka kwenye trei, kengele ikilia simama. Kisha akaenda ofisini kwa Bwana Gwakisa, meneja wetu. Mara ya kwanza alikataliwa. Mara ya pili aliambiwa, "Mwalimu, hapa ni kiwandani, hatulei watoto." Mara ya tatu hakukaribishwa hata kiti. Alirudi mara ya nne, na mlango ukafunguka. Bila Mwalimu Ambakisye, Sekela asingeingia.

Ila mlango ule ulifunguliwa kwa uongo. Mara ya nne mwalimu alikwenda na barua, na ndani yake aliandika kwamba binti hana shida yoyote ila hasikii vizuri. Neno usonji hakuliandika. Alijiambia kwamba watu hawaujui usonji, wataogopa, watasema ni wazimu au amerogwa, lakini mtu asiyesikia wanamjua na wanamwonea huruma. Meneja akatusomea barua ile mbele ya mabenchi. "Jamani," akasema, "binti hasikii vizuri. Tumsaidie, tumwongeleshe kwa sauti."

Na sisi, watu wema, tukatii! Saa moja na nusu asubuhi utasikia, "SEKELA! UMEAMKAJE?" Akiziba masikio tunasema maskini, anatuonyesha kwamba hayafanyi kazi, tunaongeza sauti. Mzee wa stoo alileta filimbi. Mwingine alikuwa anagonga trei kwa kijiko karibu na kichwa chake ili ageuke. Wiki tatu nzima! Mchana Sekela alikuwa anakwenda nyuma ya maboksi, anakaa, anaegemeza paji la uso ukutani mpaka kengele ilie. Wiki ya pili mwalimu alipita kuangalia maendeleo. Akasimama dirishani, akaona yote kwa jicho lake lilelile, kisha akaondoka bila kusema kitu. Aliogopa kwamba akisema ukweli Sekela atanyang'anywa kazi. Hilo alinieleza mwenyewe baadaye, akiwa ameinamisha kichwa.

Kwangu nitaanza na baya, kwa kuwa ndilo lililotangulia.

Ninyi mkiulizwa habari za nyumbani mnajibu nzuri, hata kama nyumba iliungua jana. Sekela hafanyi hivyo. Siku yake ya kwanza, kwenye chai ya saa nne, nilimpigia kelele kama wenzangu, "SEKELA! HABARI ZA NYUMBANI?" Akajibu, "Mama amelia chooni. Baba mdogo amesema ndizi hazikuiva na hakuzila. Paka amezaa wanne, mmoja amekufa." Loo, tulikufa kwa kicheko! Kuanzia siku hiyo nikaifanya kuwa kazi yangu. Kila saa nne nilimuuliza, huku nikiwakonyeza wengine. Watu wakawa wanasogeza vikombe vyao karibu ili wasikose neno. Nani hakumsalimia nani, nani amekula nini, mama amelia mara ngapi. Nyumba ya Tusajigwe yote ilianikwa pale mezani, na mimi ndiye niliyekuwa naianika.

Alhamisi ya wiki ya tatu nikamuuliza kama kawaida, na jicho langu tayari liko kwa wenzangu.

"Mama alimwambia mlinzi kwamba mimi ni mtoto wa dada yake aliyekufa," Sekela akasema. "Mama hana dada aliyekufa. Nimemuuliza mimi ni mtoto wa nani. Hajanijibu."

Hakuna aliyecheka. Nikababaika, nikamuuliza tena kwa sauti ileile ya juu kama amenielewa. Akaziba masikio.

"Mimi nasikia," akasema. "Nilisema siku ya pili, na siku ya tano, na siku ya tisa. Mlikuwa mnapiga kelele."

Jamani. Nikakiweka kikombe changu chini.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kufanya kazi ya maana. Jioni ileile nilikwenda kwa mwalimu, sikuondoka mpaka akaniambia ukweli, na kesho yake nikamleta auseme mbele ya wote. Bwana Gwakisa aliposema basi binti arudi nyumbani, nilikaa ofisini kwake tangu saa tatu hadi saa sita, nikaongea mpaka akaomba maji. Nikapata vizibo vya masikio kwa fundi wa kuchomelea. Nikapiga marufuku filimbi. Na benchi la Sekela lilikuwa limebanana na mashine ya kufunga pakiti, inayolia kutwa. Mimi nilikuwa na nafasi ya dirishani, tulivu, yenye hewa, ambayo niliingojea miaka kumi na moja. Nikampa, nikaenda kukaa yeye alipokuwa. Tusajigwe alikuwa ameshaamua mwanawe asirudi tena, na mimi ndiye niliyemwendea nikamsihi amwachie wiki moja zaidi. Wiki ile ikawa mbili, zikawa miezi. Tangu Sekela akae dirishani hakuna pakiti yake hata moja iliyorudi kwa kupungua uzito. Bila mimi, Sekela asingebaki.

Sasa njooni jana, Jumanne.

Sekela alithibitishwa. Tusajigwe alialikwa, akaja na kitenge kipya. Mwalimu alikuja amevaa koti. Mimi nilifua aproni yangu usiku wa kuamkia siku hiyo nikaipiga pasi, kitu ambacho sijafanya tangu niajiriwe. Nitawaambia ukweli wote: kila mmoja wetu alikuja akijua kwamba kikombe ni chake. Sekela akashika birika, akamimina taratibu mpaka kwenye ule mstari wa bluu wa kikombe, wala chini wala juu. Akageuka. Basi mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja, kama ya watoto wanaogawiwa karanga.

Watu wakaguna. Bwana Gwakisa akataka kutuokoa. "Sekela," akasema, "wasaidizi wako ni watatu. Tueleze kila mmoja amekufanyia nini, halafu umpe unayemtaka."

Sekela akauliza, "Niseme yote?"

"Yote, binti. Usifiche kitu."

Ningekuwa karibu ningemziba meneja mdomo.

Sekela akaanza, macho yake yakiwa kwenye kikombe. "Mama alinitembeza njiani siku mia moja na kumi na mbili. Mama alimwambia mlinzi kwamba mimi si wake. Mwalimu alichora kadi nane na alikuja ofisini mara nne. Mwalimu aliandika kwamba sisikii. Alituona dirishani akaondoka. Mama Lusajo alinipa dirisha lake." Akahesabu kimoyomoyo. "Mama Lusajo aliniuliza habari za nyumbani siku kumi na nne ili watu wacheke."

Ili watu wacheke. Alijua. Miezi yote ile nilikuwa najifariji kwamba yule binti hakuelewa, kwamba kwake lilikuwa swali tu na jibu, kwamba jeraha asilolijua haliwezi kumuuma. Kumbe alijua tangu mwanzo, na aliendelea kunijibu kwa kuwa nilikuwa nimemuuliza. Ardhi ingepasuka pale ningeshukuru.

Mikono yetu ilirudi. Tusajigwe alivuta kitenge akajifunika uso. Mwalimu alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi lolote. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Watu arobaini walikuwa wakitutazama. Na msidhani Sekela alikuwa na hasira. Hakuinua sauti hata kidogo. Ameambiwa aseme yote, amesema.

"Nani anachukua?" akauliza.

Kengele ya saa nne na robo ikalia. Sekela akakiweka kikombe mezani, akakifunika kwa kisahani, akarudi dirishani kwake, kwa sababu kadi ya nane inasema kengele ikilia simama, na kwake hata chai inasimama. Sisi wengine hatukunywa chai. Hakuna anayekunywa kabla ya kikombe cha kwanza, na birika zima lilipoa. Bwana Gwakisa akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba tutarudia Ijumaa.

Jioni nilimfuata Sekela getini. "Mwanangu," nikamwambia, "nisamehe."

"Sawa," akasema. Kisha akauliza, "Nimpe nani?"

Nikaona nimepata pa kutokea. "Kinywe mwenyewe," nikasema. "Umejifikisha mwenyewe, hutuhitaji sisi."

"Mlezi anaongea ofisini," akanijibu. "Mwezi ujao inakuja mashine mpya ya kufunga pakiti. Wamepima sakafu. Wanataka kuiweka dirishani. Mimi nikiwa kwenye kelele maneno hayatoki. Nikinywa mwenyewe, nani ataongea?"

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilisimama pale kama gogo. Yeye akangoja kidogo, kisha akashika kijia chake cha migombani akaenda zake.

Na leo asubuhi nimemkuta Tusajigwe getini, amesimama mbele ya mlinzi, na wapakuzi wako palepale. Anamwambia, "Baba, yule binti ni wangu. Nimemzaa mwenyewe." Mlinzi akamjibu, "Najua, mama. Nilijua siku ileile, mnafanana mno." Mama wa watu akakosa pa kuuweka uso wake. Sijui kama hilo linamwongezea au linampunguzia, na mimi si wa kupima. Nilipomuuliza kuhusu kikombe akasema apewe mwalimu, maana yeye hastahili. Mwalimu nilipompigia simu akasema apewe mama. Wote wawili wakasema au nipewe mimi, nami nikasema hapana haraka sana. Jana tulikinyooshea mikono, leo tunasukumiana kama sahani chafu. Na huku mashine inakuja.

Kwa hiyo ndugu zangu, swali hili lichukueni ninyi. Mama ni wake, atakuwapo hata sisi tukifa, lakini siku ile mbele ya macho ya watu alimkana. Mwalimu anamwelewa kuliko sisi sote, lakini alipoogopa alificha, na alipoona aliondoka. Mimi najua kuongea ofisini, na Bwana Gwakisa ananiogopa, lakini mdomo utakaomtetea ni huuhuu uliomchezea. Msikimbilie kusema wote watatu, maana kikombe ni kimoja na faili lina mstari mmoja wa jina. Msiseme pia apewe mtu mwingine, kwa sababu hao wengine ndio waliokuwa wakisogeza vikombe kusikiliza.

Leo ni Jumatano. Sekela ameniambia niwaulize watu, nisimulie yote, nisifiche kitu, na kesho asubuhi atanidai jibu. Akisema kesho, ni kesho. Mnijibu hapahapa nikiwa nimekaa mbele yenu, wala msinionee haya, zangu zinanitosha. Haya, kikombe kimejaa hadi kwenye mstari, kengele haijalia, na binti amesimama anangoja: ungekuwa wewe umekishika, ungekiweka mkononi mwa nani?